Foleni ya Mitungi, Kambi Reli

Ciru alitoka nyumbani povu la sabuni likimtiririka viwikoni, akakuta foleni imekufa.

Mitungi arobaini na mitatu iliyokuwa imesimama tangu alfajiri, mmoja nyuma ya mwingine kutoka mferejini hadi kwenye ukuta wa ukumbi, ilikuwa imerundikwa pembeni kama magunzi ya mahindi. Mahali pake palikuwa na mtaro mbichi, na ndani ya mtaro kijana mrefu mwenye gambuti na jaketi la rangi ya chungwa alikuwa akipiga sururu huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani.

"Nani amegusa mitungi?"

"Mimi," kijana akasema, akainua uso. Uso wenyewe ulikuwa wa kupendeza, jambo lililomwongezea Ciru hasira. "Bomba linapita hapa chini. Niaje lakini?"

"Niaje ya nani? Unajua umefanya nini?"

"Nimesogeza mitungi, bana."

"Umesogeza watu!"

Wanawake walikuwa wamekwisha kumiminika. Jelagat, muuza maziwa wa nyumba ya 40, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alijishika kiuno. "Mwacheni. Si amesoma? Atatuambia nani alikuwa wa kwanza na nani wa mwisho. Akikosea mmoja, tunamzika humo humo, shimo si amechimba mwenyewe."

Kijana akatazama rundo, akatazama nyuso. Kicheko chake kikakauka.

Hakujua, na angejuaje? Alikuwa mtu wa Bungoma, Kanduyi, na hili lilikuwa jambo la Kambi Reli peke yake. Mtaa huo ulio pembeni mwa mji wa Kitale ulijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wapakiaji wa mahindi na watu wa treni. Nyumba zilipangwa kwa laini, chumba kimoja na jiko, kuta zisizofika paani. Mtu akikohoa nyumba ya 38, wa nyumba ya 42 anamwambia pole. Kila laini ilipewa mfereji mmoja, na tangu hapo hakuna aliyeongeza mwingine. Kwa hiyo watu walijiwekea sheria: mtungi ukishasimama, mwenyewe amesimama. Unaweza kwenda kanisani, unaweza kwenda kujifungua, mtungi wako utasukumwa mbele na miguu ya majirani, hatua kwa hatua, na hakuna atakayeuruka. Mama yake Ciru alifariki Jumamosi moja mtungi wake ukiwa wa kumi na tisa. Jioni ile waliukuta mlangoni, umejaa, umefunikwa.

"Dada," kijana akasema kwa upole, "nionyeshe basi. Nitairudisha yote."

Ciru alitaka kukataa. Badala yake akaanza kunyoosha kidole. "Ule wenye kifuniko cha gunzi ni wa Jelagat, weka pale. Wa bluu, mkono umeungua, ni wa mwalimu. Si huo! Huo una ufa. Ndiyo, huo." Kijana alibeba mmoja mmoja, jasho likimchuruzika, naye Ciru alitembea kando yake, leso imekazwa kiunoni, nywele zimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha sare, hakosei hata mtungi mmoja.

"Na wako ni upi?" akamuuliza walipobakiza mitano.

"Ule mweupe wa mafuta ya kupikia."

"Ndio niliouinua wa kwanza."

"Ndiyo maana siku yako imeharibika."

"Imeharibika wapi? Naitwa Jairus. Jairus Wanyonyi."

"Sijauliza."

"Najua. Nimekuwekea tu, usije ukalitafuta kesho."

Jelagat aliguna kwa nguvu laini nzima isikie. "Haya, fundi wa maji amepona. Shimo libaki wazi lakini, hatujui la kesho."

*

Walikuwa mafundi wawili, na ndivyo walivyoitana. Jairus fundi wa maji. Ciru fundi wa cherehani, mshonaji wa sare za shule kwenye kibaraza cha ukumbi. Miezi minne simu haikupoa.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Ugali na samaki."

"Bila mimi?"

"Nimekuachia miiba."

"Aki wewe mwanamke una roho ngumu. Na ninavyokupenda hivi."

"Penda polepole, Baba anasikia. Kuta zetu unazijua."

Na kweli Mzee Ngari alikuwa akisikia. Alikuwa amelala upande wa pili wa pazia, mtu aliyefunga na kufungua mabehewa maisha yake yote, mkono wake na mguu wake wa kulia umekufa tangu Januari kwa kiharusi. Baba yake alikuja kutoka Nyeri na sanduku moja akapewa nyumba ya 41. Ngari alizaliwa humo, akaoa humo, akafiwa humo. Shamba hakuwahi kununua. Kila senti iliingia kwenye karo. Alipotaka kumwita binti yake, ambaye alimpa jina la mama yake mzazi, alimwita kama Wakikuyu wa rika lake wanavyowaita mabinti kama hao: mama yangu.

"Maitu," akasema kwa ulimi uliolegea, "huyo anayekuchekesha ni nani?"

"Ni fundi wa maji, Baba."

"Maji ya nani?"

Swali hilo Ciru alilipeleka kwa Jairus kesho yake, naye hakuficha. Bomba alilokuwa akilichimbia mtaro halikuwa la Laini ya Nne, laini ya kina Ciru. Lilikuwa la maghorofa. Mtaa ungebomolewa, kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeshinda kandarasi, na wakazi wa zamani wangepewa vyumba vipya, kila nyumba chumba chake, wakishahakikiwa.

Tangazo likabandikwa. *Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbini. Aje mwenye jina kwenye daftari au mtoto wake, na kitambulisho. Nyumba isiyo na mtu itahesabiwa tupu.*

"Tupu," Mzee Ngari akarudia neno hilo aliposomewa. Akageuza macho akatazama ukuta, kabati, picha ya mkewe. "Mimi si mtu?"

"Nitakuwepo, Baba. Nitakuwa wa kwanza."

*

Jumatatu jioni simu ikalia. Sauti ya Jairus haikuwa na mzaha.

"Ciru, mama anapasuliwa kesho. Uvimbe tumboni. Wamempangia saa mbili, hapa hospitali ya Lugulu."

"Mungu wangu. Pole, mpenzi. Pole sana."

"Amesema haingii kabla hajakuona. Ati hawezi kufumba macho bila kumjua anayemnyima mwanawe usingizi."

Ciru akacheka, kisha akakumbuka. "Kesho saa nne nina mambo ya nyumba, Jairus."

"Najua. Saa moja unafika. Saa mbili anaingia. Saa nne uko kwa foleni yako. Tafadhali. Niko peke yangu huku, roho yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Saa kumi na moja alfajiri Ciru akachukua ule mtungi mweupe, akafunga nakala ya kitambulisho cha baba yake kwenye mkono wa mtungi kwa uzi wa cherehani, akausimamisha mlangoni mwa ukumbi. Ulikuwa wa tatu. Kufikia saa kumi na mbili Laini ya Nne yote ilikuwa imesimama pale kwa mitungi, na wenyewe wamerudi kupika uji. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba maafisa wa mradi, waliotoka mbali, wangeona kwenye mitungi ile kitu kingine isipokuwa watu.

"Nenda," Jelagat akamwambia. "Nitausukuma wako na wangu."

Alivaa gauni la kitenge cha kijani alilojishonea mwenyewe, kola ndogo, mikono mifupi, na sweta jeusi kwa ajili ya baridi. Agneta, mama yake Jairus, alimpokea wodini kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, macho yamezama lakini yanacheka.

"Huyu ndiye mukhana, msichana wako? Karibu. Jairus, mbona hukuniambia ni mzuri hivi? Ungeniambia ningeugua mapema."

"Mama, usichekeshe watu, utashindwa kupumua."

"Nikishindwa, nimeshindwa nikicheka." Akakamata mkono wa Ciru, akaubana. "Kaa. Usiende mpaka wanichukue. Naogopa, mwanangu. Mbele ya huyu siwezi kusema, lakini naogopa."

Ciru akakaa. Simu yake ilikuwa inakaribia kuzima. Jairus akaichukua kwenda kuichaji kwenye korido ya nje. Akaja mgonjwa wa dharura, zamu ya mama ikasogezwa mbele hadi saa tatu. Ciru alihesabu kichwani: saa tatu aondoke, saa nne yuko Kitale, maafisa wa serikali gani wanaofika kwa wakati? Mkono wa mama ulikuwa wa baridi ndani ya wake. Akabaki.

Saa tatu walipomsukuma mama kwenye kitanda cha magurudumu, Jairus alimrudishia simu. Hakumtazama usoni. "Nenda, mpenzi. Kimbia. Usichelewe."

"Atapona," Ciru akamwambia, akambusu shavuni mbele ya wauguzi, akaenda.

*

Alifika saa nne na robo. Mlango wa ukumbi ulikuwa na kufuli. Mitungi ilikuwa imetupwa kwenye nyasi, mingine imelala chali. Mweupe wake ulikuwa umekanyagwa ubavuni, na ile karatasi ya kitambulisho bado ilikuwa inaning'inia.

Jelagat alikuja mbio, kilemba mkononi. "Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi, Ciru? Wamekuja saa mbili! Saa mbili kamili! Wamekuta mitungi, wakauliza hii takataka ni ya nani. Tumesikia kipaza sauti tukakimbia na mitandio, wengine na watoto migongoni. Nimewaambia huyu wa 41 yupo, mtungi wake huu. Wamenicheka!"

"Baba je?"

"Nani angembeba? Kila mtu alikuwa anapigania jina lake. Saa tatu wamefunga." Akapunguza sauti. "Nilikupigia mara tano. Ya kwanza ililia, ikakatwa. Baada ya hapo ikawa imezimwa."

Kwenye ubao orodha ilikuwa imekwisha kubandikwa. *40: Jelagat. 41: Tupu. 42...* Ciru alisoma mstari mmoja mara nyingi, kana kwamba ukichoka kusomwa ungebadilika.

Kisha akatoa simu, akaiwasha. Simu iliyokuwa imezimika kwa kukosa chaji haiwezi kukata mtu. Akaitazama orodha ya waliopiga: Jelagat, saa mbili na dakika kumi. Imekatwa.

Akampigia Jairus. Ililia mpaka ikaacha. Akapiga tena. Akatuma ujumbe: *Mama ameamkaje?* Halafu: *Jairus, nani alikata simu yangu?* Alama zikaonyesha umesomwa. Jibu halikuja.

"Huyo ni mtu wa mradi," Jelagat akasema, sasa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Bomba lao linapita chini ya nyumba ya 41. Alikutoa hapa kwa makusudi, mama. Wanaume wanaagizwa. Usiniangalie hivyo."

"Mama yake ni mgonjwa kweli. Nimemshika mkono."

"Hata mgonjwa anaweza kutumiwa."

Siku ile na ya pili Ciru hakushona hata kifungo. Alikwenda kwa chifu. Chifu akamtuma kwa mradi. Mradi wakasema pingamizi zinasikizwa Ijumaa saa tatu na baada ya hapo daftari linafungwa. Alete ushahidi. Ushahidi gani? Kwamba alikuwepo. Hakuwepo. Kwamba mtungi wake ulikuwepo. Walimtazama kama mtu aliyekunywa.

Jumatano mchana watu wawili walikuja kupima dirisha la nyumba ya 41 kwa utepe, wakiongea juu ya kitanda cha Mzee Ngari kama vile hakina mtu.

"Maitu," mzee akauliza walipotoka, "hawa wananipimia nini?"

Ciru alikuwa na kijiko cha uji mkononi. Akakirudisha bakulini. "Dirisha, Baba. Wanapima dirisha tu."

"Usinidanganye. Mguu ndio umekufa, si kichwa."

Hapo akamwambia. Yote: Lugulu, gauni la kijani, mkono wa mama, simu. Chozi lilimtoka mzee jicho la kushoto peke yake, la kulia lilikuwa limesahau.

"Nimezaliwa hapa," akasema hatimaye. "Nilitaka tu nitolewe hapa nikiwa na jina."

*

Alhamisi saa sita mchana Ciru alisimama Kanduyi, upande wa nyuma wa uwanja, akiuliza watu nyumbani kwa fundi wa maji mwana wa Agneta. Alikuwa na gauni lile lile la kijani, sasa limekunjamana. Walimwonyesha ploti ya vyumba vya kupanga yenye geti la mabati. Jairus alikuwa amechuchumaa kwenye karai, anafua nguo za kulalia za mama yake. Alipomwona, mikono ilibaki majini.

"Mama je?"

"Yuko hai. Walitoa uvimbe wote. Jana alikuuliza."

"Ashukuriwe Mungu," Ciru akasema, na alimaanisha, kisha akapandisha sauti ploti nzima ikanyamaza. "Sasa niambie. Walikulipa ngapi?"

"Nani?"

"Kampuni yako! Walikutuma unitoe nyumbani ili waandike tupu? Miezi minne, Jairus! Miezi minne unaniita fundi!"

"Ciru, hapana. Walahi hapana." Aliinuka, maji yakimdondoka. "Hakuna aliyenituma."

"Nani alikata simu yangu?"

Jirani mmoja alijifanya kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mimi."

Ciru alikuja akijua, na bado hakuwa tayari.

"Saa mbili kasoro dakika ishirini Kipkosgei alinitumia ujumbe," Jairus akasema. "Msimamizi wetu. Kwamba wamebadilisha saa. Nilisimama nao kwenye ile korido, nikasema naenda kukuambia. Nikafika mlangoni nikamwona mama amekushika, analia. Mama yangu, Ciru. Hajawahi kulia mbele yangu, hata baba alipokufa. Nikasema dakika tano. Kisha Jelagat akapiga, nikaogopa utasikia, nikakata. Nikazima. Nikasema tena dakika tano." Akakung'uta povu mikononi. "Nikajiambia watu wa Kambi Reli hawarukwi. Mtungi wako uko pale. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Usithubutu," Ciru akanong'ona. "Usithubutu kunitwika mimi hilo."

"Najua."

"Na siku mbili hukujibu."

"Ningejibu nini?"

"Kwamba mama amepona! Hata hilo!" Akapangusa uso kwa kiganja, kwa ukali, kama mtu anayefuta ubao. "Huo ujumbe. Bado unao?"

Akampa simu. *Mambo yamebadilika. Tunaanza saa mbili sio saa nne. Wakubwa hawataki umati. Usiseme huko mtaani.* Jina la Kipkosgei, tarehe, saa.

Ciru alisoma mara mbili. Kisha akaona kile ambacho Jairus pia alikuwa amekwisha kukiona, siku mbili nzima, na ndicho kilichomfanya asipokee simu.

"Huu unaweza kumrudisha Baba kwenye daftari."

"Ndiyo."

"Ukiuonyesha, kila mtu atajua wewe ulijua."

"Hilo nimelikubali. Lakini kazi inaisha hapo hapo. Na mama yuko wodini, Ciru. Hawamtoi bila kulipa, na aliye na kazi kwetu ni mimi tu."

Alitaka kumpiga. Alitaka kumshika kichwa akiweke kifuani. Mambo hayo mawili yalimjia kwa pamoja akashindwa kufanya hata moja.

"Mama yako ulimchagua Jumanne," akasema. "Sikulaumu. Na mimi ningemchagua wangu. Lakini uliyemwibia ni baba yangu, na yeye hakuambiwa achague chochote. Kesho saa tatu. Sitakupigia."

Akaondoka bila kuaga.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mezani alikaa afisa wa mradi, Bi Fridah, suti ya kijivu, miwani imeshuka puani. Kando yake Kipkosgei na fulana ya kampuni, mikono imekunjwa.

"Nyumba ya 41," Bi Fridah akaita. "Pingamizi lako, dada."

"Tangazo lilisema saa nne. Mlianza saa mbili."

"Rekodi yetu inaonyesha saa nne."

Ukumbi ukavuma. Jelagat akafoka, "Saa nne ya wapi? Mimi nilikuwa bado na uji kidevuni!"

"Mama, kaa chini. Ninyi nyote mliandikwa, hamna lalamiko. Una maandishi, dada? Una karatasi yoyote?"

"Mtungi wangu ulikuwa wa tatu. Ulikuwa na kitambulisho cha baba."

Kipkosgei akatabasamu. "Sasa mitungi ipewe maghorofa?"

Wachache wakacheka, kisha wakaona aibu. Ciru alitazama mlango. Saa ya ukutani ilikuwa imepita tatu na nusu. Mlangoni palikuwa na watu wengi, na hakuna aliyekuwa mrefu kiasi hicho. Alihisi kitu kikijifunga ndani yake, taratibu, kama duka linalovutwa mlango. Basi. Ni hivyo. Atampeleka baba wapi? Kiminini, kwa binamu mwenye watoto saba na vyumba viwili? Atamwambiaje?

"Kama hakuna zaidi," Bi Fridah akasema, akichukua kalamu, "nyumba ya 41 inabaki—"

"Kuna zaidi."

Sauti ilitoka dirishani. Alishindwa kupita mlangoni akapitia dirishani, gambuti kwanza. Jairus alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, macho mekundu, simu mkononi imenyooshwa mbele kama kitu cha moto.

"Wanyonyi," Kipkosgei akasema polepole. "Fikiria, mdogo wangu. Fikiria mama."

"Nimefikiria. Nimetoka kwake sasa hivi, ndiyo nikachelewa." Akaweka simu mezani. "Soma, madam. Kwa sauti."

Bi Fridah alisoma kimya, kisha akamtazama Kipkosgei, kisha akasoma kwa sauti. Alipofika *usiseme huko mtaani*, ukumbi ulilipuka. Ilichukua muda mrefu kunyamaza.

"Kwa hiyo wewe ulijua," Bi Fridah akasema.

"Nilijua. Na huyu dada alikuwa na mimi hospitalini. Sikumwambia. Jirani yake alimpigia, nikakata, nikazima simu." Alisema hayo akiwatazama watu, si meza. Jelagat alifunika mdomo kwa mkono. "Kama kuna mtu hakufika Jumanne, ni mimi. Mzee Ngari alikuwa nyumbani kwake, mahali alipokuwa siku zote."

Hakuna aliyepiga makofi.

Bi Fridah alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwenye nyumba aletwe," akasema. "Sasa. Nimwone kwa macho yangu."

Wanaume wanne wa Laini ya Nne walimleta juu ya kiti chake cha mbao, kofia kichwani, koti la harusi begani. Waliposhusha kiti mbele ya meza, Bi Fridah alisukuma kidau cha wino. Mzee alitazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Akainua wa kushoto.

"Jina?"

"Ngari," akasema, na kila mtu alingoja ulimi wake umalize. "Ngari Kiarie. Nyumba arobaini na moja. Niko."

Kidole kikashuka kwenye karatasi.

*

Nje, Jairus alikuwa amekwisha kuvua gambuti za kampuni na kuziweka mlangoni pamoja na jaketi alilobeba kwapani, akabaki miguu mitupu. Ciru alimfuata mpaka kwenye kona ya ukumbi. Wakasimama mbali kidogo, kama watu wasiojuana.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Mama umemwambia nini?"

"Ukweli. Akanifukuza wodini. Alisema nisirudi kabla sijaja hapa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Alisema angejua, angeachia mkono wako mwenyewe."

Ciru aligeuza uso haraka. Alikuwa amelia mbele ya watu wengi sana wiki hiyo. "Utalipaje hospitali?"

"Nitachimba. Mashimo hayaishi Bungoma." Akasita. "Ciru, siku ile nilitaka kukuuliza kitu mbele yake. Ndiyo sababu ya kukuita."

"Usiniulize leo."

"Basi."

"Leo nikisema ndiyo nitakuwa nakushukuru, na nikisema hapana nitakuwa nakulipiza. Sitaki hata moja." Akavuta pumzi. "Jumapili njoo. Baba atataka kukutukana mwenyewe, na anatukana polepole siku hizi. Utakaa umsikilize mpaka amalize."

"Na wewe?"

"Mimi nikianza nitamaliza lini?"

Alimtazama akienda kwenye barabara, shati jeupe limechomoka surualini kwa nyuma, na hakumwita. Alirudi nyumba ya 41. Walikuwa wamemlaza mzee, kofia bado kichwani, wino bado kwenye kidole, hataki ufutwe.

"Ameenda?"

"Ameenda, Baba."

"Umemfukuza?"

"Nimempa Jumapili."

Upande wa pili wa ukuta, Jelagat aliacha kuosha vyombo ili asikie.

"Hawa watu wa Bungoma," Mzee Ngari akasema, "mgeni wao wanampa kuku."

"Ndiyo, Baba."

"Huyo asipewe kuku. Githeri. Mahindi na maharagwe makavu, bila hata nyama." Akapumzika, ulimi ukikusanya nguvu. "Mwaka mzima."

Ciru alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka uso juu ya ule mkono wa baba uliokufa, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na hakujua ni wakati gani kicheko kiligeuka.

"Mwaka mzima, Baba," akasema. "Nitaloweka mahindi kesho."